Weka CD ya Pili

Filamu ya Kizungu ilikuwa CD mbili, ya Kihindi tatu. Waliokulia kwenye nyumba yenye deki mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaijua hesabu hiyo, na wanajua kilichofuata CD ya kwanza ilipokwisha. Skrini inageuka bluu, mtu anasema kutoka kwenye kochi, "Weka CD ya pili," na mtoto aliyekaa mkekani karibu na deki ananyanyuka. Taa inawashwa. Aliyebanwa na haja anakimbilia uani, mama anauliza kama chakula kimefunikwa, na vijana wanaanza ubishi: steringi atatokaje kwenye ghala alimofungiwa? Wengine wanaapa kwamba steringi hafi. Aliyekwisha kuiona kwa jirani anaonywa asithubutu kufungua mdomo.

Mapumziko yale hayakupangwa na mwongozaji yeyote. Yalitokana na hesabu za kiwandani. VCD, yaani CD ya video, iliyotangazwa mwaka 1993 na Philips, Sony, JVC na Matsushita ilikuwa CD ile ile ya muziki, yenye upana wa sentimita 12 na nafasi ya dakika 74. Wahandisi waliibana picha kwa mbinu iitwayo MPEG-1 mpaka ikaweza kusomwa kwa kasi ile ile ya CD ya muziki. Dakika 74 za nyimbo zikawa dakika 74 za picha na sauti, na filamu ya saa mbili haikuwa na budi kukatwa. Mara nyingi ilikatwa popote pale kisu kilipoangukia: katikati ya wimbo, katikati ya ngumi, katikati ya sentensi ya jambazi.

Marekani na Ulaya hawakuijali sana. Wamarekani walikuwa na LaserDisc tangu Desemba 1978, ilipoanza kuuzwa Atlanta, sahani kubwa ya sentimita 30 ambayo wachache walioimudu bado wanaizungumzia kwa mapenzi. Wengine walibaki na mikanda ya VHS mpaka DVD ilipotokea Japani Novemba 1996 na kufika kwao mwaka uliofuata. VCD ilipata makao yake Asia. Katika mji wa Hefei, China, kampuni ya Wanyan ilitoa mashine yake ya VCD mwaka 1993 kwa kutumia chipu ya C-Cube ya Marekani. Viwanda vingine vikaiga, bei ikaporomoka, na Wanyan yenyewe ikazidiwa na walioiga. Mashine za jamaa hao ndizo zilizosafiri na wafanyabiashara wetu kutoka Dubai, na baadaye Guangzhou, hadi Kariakoo, River Road na Darajani.

Kwa watu wa pwani ilikuwa faraja. Mkanda wa VHS na joto la Tanga au Mombasa havikuwahi kupatana. Unyevu uliingia, ukungu mweupe ukaota kwenye utepe, na mkanda uliofungiwa kabatini msimu mmoja wa masika ulitoka ukiwa na harufu ya kuvunda na picha inayotetemeka. Kisha ukikutana na deki yenye vichwa vichafu, utepe uliliwa, ukatolewa ukiwa umejikunja kama utumbo. CD haikuwa na utepe wa kuliwa. Ilikuwa plastiki ngumu ya milimita 1.2, na ikichafuka unaiosha.

Nasema bila kusita kwamba naipenda VCD kuliko DVD, ingawa DVD iliishinda kwa kila kipimo. Picha ya VCD kwenye runinga zetu ilikuwa nukta 352 kwa 288, kama robo ya ile ya DVD. Lakini VCD haikumbagua mtu. DVD ilipokuja, wenye studio za Hollywood waliigawa dunia kwa maeneo. Sehemu kubwa ya Afrika iliwekwa eneo la 5 pamoja na India na Urusi, na sahani halali iliyonunuliwa London ingeweza kukataliwa na deki halali iliyonunuliwa Nairobi. VCD haikuwa na kufuli la namna hiyo. Ya Lagos ilicheza Mwanza, ya Mumbai ilicheza Bujumbura. Ukiwa na deki, umo.

Deki yenyewe ilitunzwa kwa heshima. Juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma, rimoti iliachwa ndani ya nailoni yake mpaka namba zikafutika, na si kila mtoto aliruhusiwa kubonyeza kitufe cha kufungulia. Kushika CD kulikuwa na adabu yake: kidole cha shahada kwenye tundu la katikati, kidole gumba ukingoni, uso unaong'aa usiguswe. Hata hivyo CD ilizunguka. Ilitoka duka la kukodisha, ambako jina lako liliandikwa kwenye daftari na bei kuhesabiwa kwa siku, ikaenda kwa rafiki wa kaka, ikapita kwa jirani, ikarudi na alama za vidole vya mtaa mzima.

Hapo ndipo ilipoanza kukwama. Picha inaganda, uso wa mwigizaji unavunjika vipande vya mraba, sauti inarudia silabi moja, na deki inasikika ikihangaika. Sababu ni ile ile tamaa ya kuingiza dakika 74. CD ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta hutenga sehemu ya nafasi yake kwa safu ya ziada ya kurekebisha makosa; VCD iliitoa safu hiyo ili picha ipate nafasi. Mkwaruzo ambao CD ya mafaili ingeuvumilia ulionekana mara moja kwenye VCD. Tiba tulizijua: sabuni na maji, kitambaa laini, unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni wala si kwa kuzungusha. Mkwaruzo wa kina ulipakwa dawa ya meno na kusuguliwa taratibu, na mara nyingine ilisaidia kweli, kwa sababu dawa ya meno hulainisha kingo za mkwaruzo na mwanga ukapita.

Lakini haya yote ni ya burudani. VCD ilifanya kazi kubwa zaidi, ambayo sioni ikipewa uzito wake: ilitupatia sinema yetu wenyewe. Mengi ya majumba ya sinema ya Tanzania yalikuwa yamefungwa au kugeuzwa kumbi na maduka. Mtu aliyetaka kutengeneza filamu ya Kiswahili hakuwa na pa kuionyesha isipokuwa kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video na sebuleni. Wanigeria walishaonyesha njia. Wachekeshaji wao Aki na Ukwa walikuwa wanachekesha Temeke kama walivyochekesha Lagos. Mwaka 2003 ikatoka *Girlfriend* ya George Tyson, ikiwa na wanamuziki wa Bongo Fleva ndani yake, kisha Mussa Banzi akatutisha kwa *Nsyuka* na *Shumileta*, kisha milango ikafunguka. Kamera ya video, nyumba ya kuazima Mikocheni au Sinza, siku chache za kupiga picha, na filamu ikaenda moja kwa moja kwa msambazaji Kariakoo.

Msambazaji naye alijua hesabu za CD. Hadithi ilirefushwa ili itoke sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na jalada lake na bei yake. Wakosoaji walilalamika kwamba gari linapaki dakika tano nzima na mwigizaji anapanda ngazi zote tunazitazama. Walikuwa na haki. Lakini katika filamu hizo hizo watu walisikia Kiswahili cha nyumbani kwao, wakaona baraza la kwao na mama mkwe wa kwao. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu walijaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, na kwenye njia ya kwenda makaburini. Sehemu kubwa ya waombolezaji wale hawakuwahi kumwona kwenye skrini ya jumba la sinema. Walimjua sebuleni kwao.

Kwenye vibanda umiza walikuwapo pia watafsiri. Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili, tangu enzi za mikanda. Kenya ikawa na DJ Afro. Wachina, Wahindi na Wamarekani walipewa majina ya mitaani na matusi ya mitaani, na bibi asiyejua neno la Kiingereza akafuatilia filamu mpaka mwisho.

Urahisi ule ule ulioipa filamu yetu mlango ndio uliomwibia msanii. Mwenye kompyuta na kifaa cha kuchomea alitoa nakala usiku kucha. Wasanii wengi waliuza filamu pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, na CD ikiuzwa miaka kumi, wao hawapati kitu tena. Stempu za kodi za Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwenye CD za muziki na filamu zilianza mwaka 2013, wakati fleshi na kadi za simu zilikwisha kuanza kuimeza biashara yenyewe. Leo kijana anajaziwa filamu ishirini kwenye fleshi, au anazitazama YouTube, na deki imekuwa stendi ya king'amuzi.

Na sasa zile CD zinakufa. Kiwanda kilipiga chapa filamu za madukani kwenye plastiki yenyewe na kuifunika kwa safu ya alumini, na hizo zina nafasi ya kudumu zikitunzwa. Za harusi, kipaimara, maulidi, msiba na kwaya ya kigango zilichomwa moja moja na mpiga video wa mtaani kwenye CD tupu, ambayo huandikwa kwa kuunguza rangi ya kikemikali. Rangi hiyo hufifia kwa joto na jua. Tena, wengi tuliulinda upande usiofaa. Kwenye CD, safu inayobeba picha iko chini kidogo tu ya upande wa juu, ule wenye maandishi, ikikingwa na vanishi nyembamba. Kalamu ya wino yenye ncha ngumu iliyoandika "Send-off, CD 1" huenda ndiyo iliyotoboa. Inua CD yako dhidi ya dirisha: ukiona vitundu vya mwanga, safu imebanduka hapo, na hapo hakuna dawa ya meno itakayosaidia.

Hili ndilo linaloniuma. Kwenye masanduku yale wamo mababu wanaocheza ngoma harusini, sauti za watu waliokwisha kuzikwa, filamu ambazo msambazaji wake amefunga duka. Ningetamani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) watangaze siku ya kupokea CD za wananchi na kuzinakili. Wakati tunangoja, kila nyumba inaweza kuanza. Kompyuta mpakato za sasa haziji na mlango wa CD, lakini kisomeo cha kuchomeka kwenye USB si ghali. Ndani ya VCD kuna folda iitwayo MPEGAV, na ndani yake faili la AVSEQ01.DAT, hilo ndilo filamu, na programu ya bure ya VLC hulifungua bila shida. CD zote hutumia jina hilo hilo la faili, kwa hiyo kila nakala ipewe jina jipya papo hapo, la sivyo moja itafuta nyingine. Kwa CD ya harusi, andika pembeni mwaka, mahali na majina ya wanaoonekana, ukiwa bado na shangazi wa kumuuliza. Kwa filamu ya dukani, piga picha jalada lake pande zote mbili kabla ya kulitupa. Waigizaji, mwandishi, mpiga kamera na msambazaji wametajwa pale kwa herufi ndogo, na kwa filamu nyingi za miaka ile ni vigumu mno kuyapata majina hayo mahali pengine.