Jina la Leso: Kutayarisha Mchoro kwa Ajili ya Chapa

Leso, ambayo wengine huiita kanga, ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Makala haya yanaeleza jinsi mchoro wake unavyotayarishwa katika tarakilishi kabla ya kupelekwa chapani, na kwa nini kazi hiyo inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Kina mama wa Mlaleo au Bakarani, huko Kisauni, wakitaka leso za arusi, aghalabu huvuka Daraja la Nyali hadi Biashara Street, mtaa ambao umevuma kwa leso hasa kwa sababu ya duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa 1887 na lijulikanalo kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Leso nyingi, hata hivyo, huchapwa India. Mchapaji wa huko hasomi Kiswahili, huchapa alichopewa.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Leso moja ina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa 110. Picha iliyoundwa kwa nukta 600 hutoka safi ikichapwa kwa upana wa inchi 2, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Ikivutwa hadi inchi 12, kila inchi hubakiwa na nukta 50 tu, na ua la mji huonekana kama vigae. Ndiyo maana mchoro wa mistari, ambao hukuzwa bila kuharibika, hupendelewa.

Pili ni rangi. Katika uchapaji wa nyavu, kila rangi ina wavu wake uliowambwa kwenye fremu, hivyo faili sharti itenganishe rangi moja moja. Zinapokutana, moja huingizwa kidogo chini ya nyingine; la sivyo weupe wa kitambaa huchungulia. Rangi za kioo cha tarakilishi, nazo, ni za mwanga, wala si za kuaminiwa.

Utata mkubwa umo katika jina. Mchapaji asipokuwa na mwandiko uliotumiwa, tarakilishi yake huweka mwingine, na alama huweza kupotea. Ng'oa ikipoteza ritifaa huwa ngoa, yaani wivu. Kwa leso, ambayo mara nyingi hununuliwa kwa ajili ya kijembe, hiyo si tofauti ndogo. Maandishi ya Kiarabu huathirika zaidi: herufi huachana, pengine zikageuka mwelekeo. Dawa yake ni kuzigeuza herufi zote kuwa michoro. Lakini zikishageuzwa, hazisahihishiki tena kama maneno. Kwa hiyo nakala yenye maandishi hai huhifadhiwa kando, na usomaji wa mwisho hufanywa kabla ya hatua hiyo.

Msomaji huyo naye asiwe mwepesi wa kusahihisha. Mteja wa Kisauni akiandika ndoo kwa maana ya njoo, au mato kwa maana ya macho, hajakosea: hicho ni Kimvita. Kinachofaa ni kumuuliza.

Hatimaye huagizwa sampuli ya kitambaa chenyewe. Jina husomwa hapo herufi kwa herufi, na yule aliyelitunga akiwapo, kabla ya kuruhusu maelfu ya leso kuchapwa.