Hema ngoja kwanza, mtoto yuko wapi?

Tangu niache chuo, familia yetu iliamua mimi ndiye mtu wa kutumwa. Gesi ikiisha, napigiwa simu. Shule zikifungwa, naletewa watoto. Kwa hivyo wapwa wangu wawili walipoanza kulilia kulala kwenye hema, si mnajua aliyeitwa?

Mkubwa ana miaka saba, mdogo minne. Mimi na dada tuliwapeleka Naivasha, kwenye kambi moja kando ya ziwa. Hema nilikodi kwa jamaa wa mtaani na sikulifungua hata kidogo kabla ya safari. Nilijiona nimeiva. Video nilikuwa nimetazama, sivyo?

Tulifika saa kumi na moja jioni. Huku kwetu karibu na ikweta jua halibembelezi mtu. Saa kumi na mbili na nusu hivi linazama, na ukigeuka tu ni giza. Nikamwaga vitu kwenye nyasi na kugundua vigingi vinne havipo. Dada akashika nguzo upande mmoja, mimi ule mwingine, tukaanza kulaumiana. Mkubwa alikuwa ametushikia tochi.

Halafu dada akauliza, "Mdogo yuko wapi?"

Tulimpata kwenye uzio wa umeme, amechuchumaa. Mkono wake ulikuwa karibu kabisa na waya. Upande wa pili kulikuwa na kitu kikubwa cheusi kikitafuna nyasi. "Anko," akaninong'oneza, "ona ng'ombe."

Alikuwa kiboko.

Kiboko hushinda majini mchana, giza likiingia anatoka kula. Ana uzito wa zaidi ya tani moja na anaweza kukushinda mbio. Dada alimbeba mtoto, akaondoka bila neno. Heri angenifokea. Hakunisemesha mpaka asubuhi, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ni baridi iliyosababisha. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku watoto walitetemeka. Dada akasema tuingize jiko la makaa ndani ya hema. Mlinzi wa kambi alimwona akilibeba, akaja mbio. Moshi ukiisha, makaa bado hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Tukalala wanne tumebanana. Hapo ndipo nilijua kwamba baridi kali hutoka chini. Tulikuwa na blanketi za kujifunika lakini cha kutandika hatukuwa nacho.

Likizo iliyofuata nilirudi, safari hii na rafiki yangu. Hema tulilijaribu kwanza uani kwetu, majirani wakicheka. Tukafika kambini saa nane mchana. Kabla ya kufungua begi hata moja, niliwatembeza watoto: choo hiki hapa, bomba lile pale, uzio ule haushikwi. Kisha mkeka chini, chapati na mayai ya kuchemsha juu yake. Mtoto mwenye njaa hatakuacha upige kigingi hata kimoja. (Tumbili walichukua chapati mbili. Wacha tu.)

Rafiki yangu alikaa na watoto, kazi yake ikiwa hiyo tu. Asishike nguzo, asishike simu. Mimi nikatafuta mahali palipoinuka kidogo ili mvua ikija maji yasitufuate, mbali na matawi makavu. Kamba za hema nilizifunga vitambaa vyeupe kwa sababu watoto hukimbia bila kuangalia chini. Mkubwa alivalishwa filimbi. Mdogo alipewa sufuria yenye vigingi kumi na viwili, anipe kimoja kimoja huku akihesabu. Aliruka saba kila mara, lakini hakuondoka hapo hata hatua moja. Saa kumi hema lilikuwa limesimama, magodoro yametandikwa ndani.

Dada hakuja. Alinikabidhi watoto steji, akaniangalia sana, akapanda matatu ya kurudi. Saa tatu usiku simu ikaita.

"Mdogo yuko wapi?"

Nikamulika tochi. Alikuwa amelala, kigingi cha ziada kingali mkononi.