Kipimo data cha kebo ya video: maana na matumizi

Kipimo data ni kiasi cha juu kabisa cha taarifa kinachoweza kupita katika njia ya mawasiliano kwa muda maalumu, aghalabu sekunde moja. Katika kebo za video hutajwa kwa gigabiti, yaani biti bilioni moja.

Istilahi hii haina budi kutofautishwa na mwendo. Malori ya mahindi yatokayo Sumbawanga kuelekea Tunduma yaweza kwenda mwendo ule ule, yawe kumi au mia. Kinachotofautiana ni idadi ya magunia yanayofika kwa siku. Kipimo data ni hesabu ya magunia.

Istilahi mbili huambatana nayo. Mwonekano ni idadi ya nukta, au pikseli, zinazounda picha. Kiwango cha kuonyesha upya ni idadi ya mara ambazo picha nzima huchorwa upya kwa sekunde, nacho hutajwa kwa herzi.

Mfano: kiwamba cha 4K kina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, na kila pikseli huhitaji biti 24 za rangi. Kwa herzi 60, picha hudai takriban gigabiti 11.9 kwa sekunde; kwa herzi 120, gigabiti 23.9, kabla ya kuhesabu vipindi vya mapumziko baina ya picha na picha. HDMI 2.0, ya mwaka 2013, hutangazwa kuwa na gigabiti 18, lakini katika kila biti 10 ni 8 tu zibebazo picha. Hivyo hubaki gigabiti 14.4. Herzi 60 hupita. Herzi 120 zenye rangi kamili hazipiti. HDMI 2.1, ya mwaka 2017, ilifikisha gigabiti 48.

Kuchanganya maneno haya hugharimu fedha. Mhariri wa video za harusi aliyepo Mazwi, akinunua kiwamba cha herzi 120 na kupata 60 tu, huenda akakiita kibovu na kukirudisha Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Kumbe kiwamba ni kizima. Kilichopungua ni kipimo data. Tundu la kompyuta, kebo na tundu la kiwamba hufanya kazi kwa pamoja, na kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kiamuacho. Kebo ikiwa ndefu mno, ishara hufifia, na kiwamba hutoa chenga au huzima na kuwaka.

Matumizi: husemwa "Kipimo data cha kebo hii hakitoshi herzi 120." Haifai kusema "Kebo hii ina mwendo mdogo," wala "Kiwamba ni kibovu," kabla ya kuijaribu kebo nyingine iliyo fupi na yenye kipimo data kikubwa zaidi.