Kuumia Mgongo Kazini: Kwa Nini Madai ya Fidia Hukwama

Anayekatwa kidole na mashine ya kuchunia chai ana jeraha la kuonyesha na saa ya kutaja. Mgongo hauko hivyo. Huanza na uchungu mdogo jioni, baada ya kubeba kikapu mteremkoni kutwa. Mtu anachuliwa, asubuhi anarudi kazini, na miezi inapita. Siku anaposhindwa kuinuka, mwajiri anauliza: uliumia lini, nani alikuona, na tutajuaje kwamba hukuumia ukilima shamba lako mwenyewe? Hapo ndipo madai hukwama.

Wakazi wa Sigor wanaofanya kazi katika mashamba ya chai ya Bomet na Kericho wanalindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kama WIBA. Vibarua pia wamo. Sheria hii inafidia ajali na hata ugonjwa uliotokana na kazi, na mfanyakazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Anachohitaji ni kuonyesha kwamba kazi ndiyo iliyomuumiza.

Kwa hiyo, ripoti uchungu siku ile ile unapoanza. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini ya mdomo ni rahisi kukanwa. Andika, weka tarehe, na ubaki na nakala. Ukifika zahanati au hospitali, mweleze daktari kazi unayofanya na uzito unaobeba, na uhakikishe ameandika. Cheti kinachosema tu "maumivu ya mgongo" hakitakusaidia sana. Mwajiri naye anatakiwa kumpasha habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 baada ya kupata taarifa yako, kwa fomu ya DOSH/WIBA 1. Dai lenyewe liwasilishwe kabla ya miezi 12 kwisha.

Ulemavu wa kudumu hulipwa kwa kuzingatia mapato ya miezi 96 na asilimia ya ulemavu aliyoipima daktari. Anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akipimwa asilimia 10, hesabu yake ni shilingi 144,000. Akipimwa asilimia 5, ni nusu ya hizo. Ndiyo maana pande mbili huvutana sana juu ya ripoti ya daktari.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, andika pingamizi ndani ya siku 60. Akishakujibu, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo ina kituo Kericho. Kukimbilia mahakamani kwanza hakufai: Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huu Desemba 2019.

Hata waliokwenda mbali walirudishwa kwenye njia hiyo. Wachuma chai zaidi ya elfu moja waliishtaki James Finlay (Kenya), kampuni iliyosajiliwa Scotland, katika mahakama ya Edinburgh, wakisema kazi iliwaharibu migongo na viungo. Kampuni ilikana. Novemba 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza WIBA hapa Kenya. Kwa mtu ambaye hakuwahi kuripoti uchungu wake popote, hiyo si njia nyepesi.

Masuala ya fidia yako chini ya serikali ya kitaifa, hivyo kaunti haiwezi kuamua dai lako. Lakini hospitali zetu, ikiwemo ya Longisa, huhifadhi rekodi za matibabu. Ikiwa ulitibiwa huko, nenda na kitambulisho na kadi ya hospitali uombe nakala. Kisha peleka nakala hiyo, pamoja na hati za malipo ya mshahara, kwa afisa wa usalama na afya kazini au kwa mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi.