Gharama ya Umbali katika Uundaji wa Programu

Kompyuta haiwezi kufanya kazi bila programu, yaani mfululizo wa maagizo yaliyoandikwa kwa lugha maalumu. Kuyaandika ni kazi ya watu, na aghalabu gharama yake kubwa ni mishahara. Ndiyo sababu kampuni nyingi za Marekani na Ulaya huwapa kazi hiyo wataalamu wa mbali, hasa wa India, ambako mishahara ni midogo.

Desturi hiyo si ngeni. Mwaka 1981 watu saba walianzisha kampuni ya Infosys mjini Pune kwa mtaji wa rupia 10,000. Mwaka 1985 kampuni ya Kimarekani ya Texas Instruments ilifungua kituo mjini Bangalore, kilichounganishwa na Marekani kwa setilaiti.

Hata hivyo, mshahara si gharama yote. Wanaoshirikiana kazi hulazimika kuelewana, na njia za mawasiliano baina ya watu n ni n(n − 1) ÷ 2. Watu 5 wana njia 10. Watu 10 wana njia 45. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, alieleza kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi.

Umbali huzidisha uzito huo. Wakati wa baridi, saa 3 asubuhi mjini New York ni saa 1:30 usiku mjini Bangalore. Swali dogo laweza kungoja jibu hadi kesho yake.

Madhara ya kutoelewana yalidhihirika mwaka 1999, tena ndani ya nchi moja. Chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi. Programu ya kikundi cha Colorado ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza. Kikundi cha California kikazichukulia kuwa za metriki. Vikundi vyote viwili vilikuwa na wataalamu hodari. Kilichokosekana ni uhakiki.

Basi hesabu ifanywe kikamilifu. Iwapo mshahara wa mbali ni theluthi moja, na saa za kazi zikawa maradufu, gharama ni theluthi mbili: pana faida. Saa zikizidi mara nne, gharama ni theluthi nne: pana hasara. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi.