Kupamba Keki Ya Mtoto Nyumbani: Tunaweka Nini Juu Yake?

AlhamduliLLaah, Himdi Anastahiki Allaah, na Rahmah na amani zimshukie Nabiy Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), jamaa zake na Swahaba zake.

Kila inapotajwa keki ya mtoto, mjadala huanza na kuishia pale pale: je, kuadhimisha siku ya kuzaliwa kunajuzu? Wako Maulamaa waliokataza, kama Shaykh Ibn Baaz, na wako walioruhusu kwa kuiona ni ada tu, kama Daarul-Iftaa ya Misri. Hapa hatukukusudia kuimaliza khitilafu hiyo. Kila familia imrejee Shaykh wanayemuamini. Tunalotaka kulizungumza ni lile ambalo pande zote mbili huliacha, nalo ni vitu vyenyewe vinavyopakwa na kunyunyizwa juu ya keki. Hata nyumba isiyoadhimisha siku ya kuzaliwa hupamba keki mtoto anapohitimu juzuu chuoni, au siku ya 'Iyd. Na kilicho juu ndicho mtoto anachokilamba mwanzo.

Tuanze na unga unaong'aa, wa rangi ya dhahabu au fedha, kwa sababu huu una hatari ya wazi. Mwaka 2018 katika jimbo la Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua kwa kutapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Krimu ilipopimwa ilikutwa na shaba nyingi. Unga ule ulikuwa wa mapambo ya kutazamwa, haukutengenezwa uliwe. Akina mama wengi hudanganyika na kichupa kinachosema kwa Kiingereza kuwa kilichomo si sumu. Kutokuwa sumu si sawa na kuwa chakula. Hata chaki huandikwa hivyo. Tafuta maneno yanayosema wazi kuwa kinaliwa, pamoja na orodha ya viungo. Kikikosa orodha, kiache dukani. Shari'ah imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na mtoto hana uwezo wa kujikagulia.

Kisha kuna rangi nyekundu. Ukiona namba E120 kwenye pakiti ya rangi au ya shanga za sukari, hiyo ni rangi ya wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate, ambao hukaushwa na kusagwa. Kwa madh-hab ya Shaafi'iy, inayofuatwa na wengi hapa visiwani, wadudu hawaliwi. Wamaalik wana wepesi katika jambo hili, lakini anayetaka kutoka kwenye khitilafu ana njia nyepesi ambazo tutazitaja. Jelatini nayo imo katika peremende nyingi laini, na katika baadhi ya unga wa sukari uliokandwa tayari kwa kufunikia keki. Huweza kutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe, na mara nyingi pakiti haisemi ni yupi. Hapa nembo ya halali ina maana yake. Arki ya vanila nayo isomwe: kwa sheria ya Marekani ile ya asili haipungui alkoholi asilimia 35. Kwa nini tujitie shakani na iliki tunayo jikoni?

Rangi pia tunazo. Rozela iliyochemshwa mpaka maji yakapungua hutoa nyekundu nzuri, na uchachu wake huipendeza sukari. Maji ya bitiruti hutoa waridi. Manjano, kidogo sana kwa ncha ya kijiko, hutoa rangi ya jina lake. Zingefuri haitoi rangi vizuri kwenye maji, bali kwenye mafuta: pasha mbegu zake katika mafuta kidogo kwa moto mdogo, chuja, acha yapoe, kisha changanya na krimu ya siagi, utapata rangi ya chungwa. Buluu ndiyo ngumu, na watoto wa kiume ndiyo wanayoitaka! Hapo nunua rangi ya chakula yenye namba E133, ambayo hutengenezwa kiwandani bila ya mnyama, na tumia tone moja au mawili.

Kuhusu sura za wanyama na watu wa kuchonga kwa sukari: kwa Shaafi'iyyah ni haramu hata zikiwa za kitu kisichodumu. Asbagh katika Wamaalik aliruhusu zinazotengenezwa kwa vitu kama unga uliokandwa, kwa kuwa haviishi. Sisi tunaona mtoto hatopungukiwa akipata jahazi, mwezi, mnazi, au mpira. Jahazi tena ni rahisi: nusu duara ya keki na tanga la kaki.

Jambo moja watu hawalitazami. Mtoto anaitwa 'Abdur-Rahmaan, jina linaandikwa lote juu ya keki, na jioni mabaki yanatupwa jaani pamoja na mifupa ya kuku. An-Nawawiy ametaja katika At-Tibyaan kuwa kula chakula kilichoandikwa Qur-aan hakuna ubaya. Basi tatizo letu si kula, ni kutupa. Kipande chenye Jina la Allaah kiliwe chote, au andika jina analoitwa kwa mapenzi nyumbani.

Mwisho ni joto. Wakati wa kaskazi krimu ya siagi huyeyuka ikiwa mezani, na umeme hauaminiki. Pamba baada ya 'Alaasiri, keki ikiwa imepoa kabisa. Keki yenye uvuguvugu huteremsha kila kitu. Ukiogopa, acha siagi: kikombe kimoja cha sukari ya aisingi kwa kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu, ukiongeza matone kidogo kidogo mpaka uteremke taratibu kwenye kijiko. Huganda juu ya keki, na hauhitaji friji. Ukitaka wenye ute wa yai, tumia ute mkavu wa paketi, kwani ute mbichi huweza kumuumiza mtoto tumbo.

Na Allaah Anajua zaidi.