Paa la Masisi si Paa la Walikale

Ukitoka Sake, kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, ukapanda kuelekea Mushaki, baridi inakupokea njiani. Milima ya Masisi inapita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ng'ombe wanalisha kwenye miteremko, jibini inatengenezwa mashambani, na usiku hakuna anayelala bila blanketi. Ukiendelea magharibi, barabara inashuka na kushuka mpaka msitu wa ikweta unakufunika. Mji wa Walikale uko kwenye kimo cha mita 700 hivi, na huko joto la mchana halipoi vizuri hata usiku. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5. Basi wilaya hizi mbili zinazopakana katika Kivu Kaskazini, Kongo, zinatofautiana kwa nyuzi nane au zaidi, mbali na tofauti ya unyevu, udongo na wadudu.

Hata hivyo, anayetaka kuonekana amejenga nyumba ya kisasa huko juu au huko chini hujenga ileile: kuta nne za matofali ya kuchoma au bloku za saruji, madirisha madogo, bila dari, na mabati juu, yaani manjanja kama yanavyoitwa Kivu. Ramani hiyo imetoka Goma, na Goma iliipata kwingine. Watu wa Masisi na Walikale wanastahili nyumba imara, kavu na yenye heshima, tena bila kungojea vizazi viwili. Ndiyo maana inauma kuona familia ikimaliza akiba yake yote kwa nyumba inayowachoma mchana au kuwadondoshea maji usiku.

Tuanze na paa, kwa sababu ndilo linalobadilishwa kwanza. Nyumba ya zamani ya Walikale ina kuta za miti na udongo, na juu yake majani mapana ya msituni yaliyopangwa kwa kupandana juu ya fito. Chini yake moto unawaka karibu kila siku. Moshi unapanda, unakausha majani, unafukuza wadudu wanaoyala, kisha unapenya taratibu na kutoka nje. Paa na jiko vinategemeana. Ukiondoa majani ukaweka manjanja, na moto ukabaki palepale ndani, moshi unakosa njia, na wanaouvuta ni mama anayepika pamoja na watoto wanaomzunguka. Anayeleta manjanja bila kuleta bomba la moshi au jiko la nje amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki inalipwa na mapafu ya watu.

Hata hivyo siwalaumu wanaoyachagua manjanja. Paa la majani linataka kurudiwa kila baada ya miaka michache, majani yenyewe yanazidi kuwa mbali na vijiji vikubwa, na katika nchi iliyoona vita mara nyingi hivi, kijiti kimoja cha kiberiti kinatosha kuliteketeza. Manjanja yataendelea kuwepo. Kazi iliyobaki ni kuyasaidia.

Bati ni jembamba kuliko nusu ya milimita, na chuma hupitisha joto mara mamia zaidi ya mbao kavu. Saa sita mchana karibu na ikweta, kila mita ya mraba ya paa inaweza kupokea takriban wati 1,000 za jua. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua hilo. Likishika kutu hulinyonya, likawa moto, kisha likatuma joto hilo chini kwa mnururisho. Ndiyo sababu mtu aliyeketi ndani huhisi kichwa kinawaka hata mlango ukiwa wazi: joto linamfikia moja kwa moja kutoka kwenye bati, wala halingoji hewa ipate moto kwanza. Dari ya mianzi, mikeka au mbao hulizuia, mradi kati ya dari na bati kuwe na nafasi ambayo upepo unapita. Msanifu Francis Kéré alifanya hivyo katika shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, mwaka 2001. Aliinua paa la bati juu kabisa ya dari ya matofali ya udongo, hewa moto ikatoka yenyewe bila umeme. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ya juu kabisa katika usanifu majengo.

Masisi tatizo ni kinyume chake. Usiku mawingu yakiondoka, bati hutuma joto lake angani na kuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Mvuke wa pumzi na wa sufuria unaligusa, unageuka maji, na matone yanaanza kudondoka kitandani. Wenye nyumba hudhani paa limetoboka, wakanunua misumari na lami. Dawa yake pia ni dari, lakini ya aina nyingine: nene na iliyobana, iliyofunikwa nyasi kavu au tabaka la mbao, ili joto la watu libaki chini na mvuke usilifikie bati. Kwa hiyo dari ya Walikale huruhusu upepo, na ya Masisi huhifadhi joto. Fundi anayeisahau tofauti hiyo atajenga vibaya sehemu moja kati ya hizo mbili.

Kuna jambo jingine la mlimani ambalo naona halizingatiwi kabisa. Paa la nyasi hunyonya mvua na kuiachilia polepole, ilhali manjanja huimwaga yote papo hapo. Paa la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linamwaga lita 400 chini ya ukuta. Masisi nyumba nyingi zimekaa kwenye kitako kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Maji hayo yakiingia ardhini, shinikizo lake kati ya chembe za udongo hupunguza msuguano unaozishikilia, na mteremko uliotulia miaka mingi unaweza kuporomoka. Mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa na tangi vinageuza hatari hiyo kuwa bidoni 20 za maji ambazo hakuna msichana atakayezipandisha kutoka bondeni.

Kuhusu kuta, hesabu inaanzia barabarani. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilikuwa zikitua juu ya kipande cha lami pale Kilambo, wilayani Walikale, kubeba madini ya bati kuyapeleka Goma, kwa sababu barabara ya magari ilikuwa haipitiki. Mahali kama hapo mfuko wa saruji wa kilo 50 unalipiwa nauli kama abiria. Mita moja ya ujazo ya zege hutaka kama mifuko saba. Matofali ya kuchoma nayo yanahitaji tanuru la nyuzi 900 hivi, na moto huo unakula kuni nyingi katika mkoa ambao misitu yake tayari inapunguzwa na makaa ya mjini.

Udongo wenyewe ungeweza kutosha. Katikati ya miaka ya 1950 Raúl Ramírez, mhandisi wa Chile aliyekuwa akifanya kazi Bogotá, alibuni mashine ya mkono iitwayo CINVA-Ram, inayokandamiza udongo wenye unyevu kidogo uliochanganywa na saruji asilimia 5 hadi 10, ukawa tofali lisilochomwa. Udongo mwekundu wa maeneo ya msitu wenye mvua nyingi, uliojaa kaolini na oksidi za chuma, kwa kawaida hukubali kazi hiyo. Udongo wa majivu ya volkeno, kama ule wa upande wa Sake ambako lava ya Nyamulagira ya 1938 hadi 1940 iliingia ziwani, mara nyingi hukataa: chembe zake hushika maji mengi mno na haushindiliki vizuri. Kipimo chake ni rahisi. Jaza udongo mbichi katika kisanduku cha urefu wa sentimita 60, upana na kina sentimita 4, ukauke, kisha upime umesinyaa kiasi gani. Kila kijiji kingeweza kupima udongo wake kabla ya kununua chochote.

Kwamba kujenga kwa udongo kunawezekana ndani ya msitu wa Kongo kunathibitishwa na shule ya msingi ya Ilima, iliyokamilika mwaka 2015 katika bonde la mto Kongo chini ya wasanifu wa MASS Design Group. Karibu vifaa vyote vilitoka palepale: kuta ni za matofali ya udongo, na paa limefunikwa vigae vya mbao vilivyopasuliwa kwa mkono na mafundi wa kijijini.

Masisi ningechagua mbao. Msingi wa mawe ya lava, kuta za mbao mbili zenye nafasi kati yake, mkanda imara unaofunga kuta juu. Nyumba nyepesi hupata nguvu ndogo ardhi inapotikisika, na Kivu imekaa juu ya bonde la ufa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 karibu na Bukavu liliua watu Kongo na Rwanda, na katika matetemeko ya namna hiyo ukuta mzito usiofungwa ndio unaoua. Mbao zina faida nyingine, ya huzuni lakini ya kweli: nyumba iliyofungwa kwa boliti inaweza kufunguliwa na kuhamishwa. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya serikali, haki za kimila zikabaki hewani, na tangu vita vya 1993 familia nyingi zimekimbia zaidi ya mara moja. Anayewashauri waweke mali yao yote kwenye matofali awaeleze pia yatabaki kwa nani.

Walikale kuna mbu. Mkoani Mtwara, Tanzania, watafiti walijenga nyumba 110 za mfano zenye vyumba vya kulala juu, nyavu na kuta zinazopitisha hewa. Malaria kwa watoto waliohamia humo ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na watoto wa nyumba za kawaida. Mbu wengi wa malaria huruka karibu na ardhi, na Walikale mbao za kuinulia sakafu zipo.

Lakini vipimo vyote hivi havimlazimishi mtu kuhamia. Msanifu Hassan Fathy alianza kujenga kijiji cha Gourna Mpya, Misri, mwaka 1946, kwa udongo na kwa ustadi mkubwa, na wengi wa watu aliowajengea walikataa kutoka kwenye makazi yao. Utenzi wa Mwindo, ambao mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliurekodi kwa Wanyanga wa Walikale mwaka 1956, unakitambulisha kijiji cha Tubondo kwa mabaraza yake saba ya kukutania watu. Mradi wa nyumba unaopanga viwanja vyote na kusahau baraza umewaacha Wanyanga bila kijiji. Nyumba ya kwanza ya mfano ijengwe na fundi wa hapohapo, familia ikae humo misimu miwili ya mvua, na anayepika aulizwe kabla mwenye kalamu hajachora ya pili.